Mzee Anapohamia Makazi ya Wazee: Familia na Usharika Wafanye Nini?



Katika ziara ya kufuatilia miradi kwenye kata ya Chinongwe, wilayani Ruangwa, mjumbe mmoja wa kamati alisimama mwishoni mwa kikao, watu wakiwa wameshaanza kufunga madaftari yao. Aliuliza: "Je, ni dhambi kumpeleka mzazi kwenye makazi ya wazee?" Hakuna aliyejibu. Tulipokuwa tukinywa chai, wajumbe wawili walinifuata kila mmoja kwa wakati wake. Wote wawili walikuwa na mzee nyumbani ambaye hawakujua tena wamsaidieje, na wote waliona aibu kulisema jambo hilo mbele za watu.

Swali lile halikuwamo kwenye ajenda, lakini linazihusu familia nyingi. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa nchi yetu ilikuwa na watu wapatao milioni 2.5 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Katika sensa ya mwaka 2022 idadi hiyo ilikaribia milioni 3.5. Wakati huohuo vijana wengi wa kusini wanaishi Dar es Salaam, Mtwara na kwingineko wakitafuta maisha, na wazee wanabaki na mikorosho na wajukuu.

Ninaandika makala hii kama mratibu wa miradi, na pia kama mpwa. Mwaka 2016 familia yetu ilimpeleka mjomba wetu kwenye makazi ya wazee. Tulifanya kosa kubwa, na yeye ndiye aliyelilipa. Nitalieleza kosa hilo ili wengine wasilirudie.

MAKAZI YA WAZEE NI NINI?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Sera hiyo inasema wazi kwamba familia ndiyo msingi wa matunzo ya mzee, na kwamba matunzo katika makazi ni hatua ya mwisho. Kwa hiyo makazi yanayoendeshwa na Serikali ni kwa ajili ya wazee wasiojiweza na wasio na mtu wa kuwatunza. Hayakuwekwa kwa ajili ya familia yenye uwezo ambayo imechoka tu.

Makazi ya Serikali yako katika mikoa mbalimbali. Yapo Nunge jijini Dar es Salaam, Fungafunga mkoani Morogoro, Njoro mkoani Kilimanjaro, Kolandoto mkoani Shinyanga na Bukumbi mkoani Mwanza, kwa kutaja machache. Baadhi yake, kama Nunge na Bukumbi, yalianza kama makazi ya wagonjwa wa ukoma. Tangu mwaka 2022 masuala ya wazee yako chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Zanzibar wazee hutunzwa Sebleni na Welezo.

Aidha, yapo makazi yanayoendeshwa na mashirika ya dini. Masista wa Mama Teresa, kwa mfano, walifungua nyumba yao ya kwanza barani Afrika mjini Tabora mwaka 1968. Makazi ya aina hii yana taratibu tofauti: mengine hupokea wazee bure, mengine huomba familia ichangie kadiri ya uwezo wake.

Kwa makazi ya Serikali, safari huanzia kijijini. Uongozi wa kijiji humtambua mzee, mtendaji wa kata hupata taarifa, kisha afisa ustawi wa jamii wa halmashauri huchunguza hali ya mzee na ya ndugu zake. Afisa huyo ndiye mlango. Kamati ya usharika isiandike barua moja kwa moja kwenye makazi na kumruka.

KWANZA TUJARIBU NYUMBANI

Kabla ya kuzungumzia kuhama, kamati ijiulize ni nini hasa kimeshindikana nyumbani. Mara nyingi tunasema "mzee amekuwa mzigo", kumbe tatizo ni moja na lina dawa. Mzee asiyeona huenda ana mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji mdogo. Mzee anayejikojolea huenda choo kiko mbali na giza ni nene. Mzee anayelala njaa huenda hawezi tena kutwanga wala kuinjika sufuria, ingawa mahindi yamo ghalani.

Msaada wa kijamii nao usisahaulike. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka msamaha wa matibabu kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na halmashauri zimekuwa zikitoa vitambulisho kwa ajili hiyo. Kaya maskini zimekuwa zikiandikishwa katika mpango wa TASAF. Wenzetu wa Zanzibar walianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na Kenya ilianza mwaka 2018 kuwapa wazee wa umri huo shilingi 2,000 za huko kwa mwezi. Bara hatujafika huko, hivyo ni muhimu zaidi kila mzee apate kile kidogo kilichopo.

Kikwazo kimoja ni ushahidi wa umri. Wazee wengi wa Ruangwa na Nachingwea hawana cheti cha kuzaliwa. Wajumbe wanaweza kusaidia kwa kuuliza matukio. Mzee aliyekuwa mtoto wa kuchunga ndege shambani wakati matrekta ya mradi wa karanga yalipoingia Nachingwea, mradi ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, umri wake unaweza kukadiriwa. Vivyo hivyo Uhuru mwaka 1961, Azimio la Arusha mwaka 1967 na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Andikeni maelezo hayo mbele ya mtendaji wa kijiji ili mzee asirudishwe dirishani.

Sisi kwa mjomba tulijaribu nyumbani kwa miaka miwili. Mkewe alikuwa amefariki, na mtoto wake aliyebaki alikuwa mbali na hana kazi ya kudumu. Katika ukoo wetu wa Kiwamwera mpwa ana wajibu kwa mjomba wake, na hakuna aliyeukataa. Tuligawana zamu katika nyumba tatu. Lakini mama yangu ni mzee mwenyewe, na mimi nilikuwa nikisafiri majuma mawili kwa mwezi. Macho yake yalififia, na usiku mmoja alijikwaa akaangukia jiko la mafiga. Mtoto wa jirani ndiye aliyesikia. Kidonda cha mguu kilipopona, ukoo ulikaa na kukubaliana kwamba ahamie makazi yanayoendeshwa na shirika moja la dini, nje ya mkoa wetu, mwendo wa siku nzima kwa basi.

Kikao kile kilihudhuriwa na watu 11. Mjomba hakuwemo.

KOSA LETU

Hatukumwambia. Tuliona atakataa, au atalia, na hakuna aliyetaka kumwona mtu mzima analia. Tulimwambia anakwenda kuangaliwa macho. Akafurahi. Alioga, akavaa kanzu yake safi, akampa jirani kuku wake amtunzie "mpaka Ijumaa". Nilimwacha pale makazini nikasema narudi kesho.

Siku ya tatu alielewa. Msimamizi alinipigia simu na kuniambia kwamba mzee hali, hasemi na mtu, na kila asubuhi anafunga mfuko wake na kukaa kwenye benchi la getini mpaka jua linazama. Watu fulani walinishauri nisiende mwezi mzima ili azoee. Nilikaa majuma mawili, kisha nikashindwa.

Nilipofika nikamsalimu, "Shikamoo mjomba." Aliitikia marahaba, kisha akakaa muda mrefu. Halafu akasema: "Mpwa wangu, ungeniambia ningekuja. Sasa kila mnachoniambia nitakipima kwanza."

Na kweli alikipima. Ilichukua miezi mingi kabla hajaamini neno letu lolote, hata tulipomwambia kuwa daktari wa macho amepatikana kweli kweli. Alikataa kupanda gari mpaka alipozungumza na daktari mwenyewe kwa simu. Upasuaji ulifanyika, jicho moja likarudi kuona, lakini nusu ya mwaka ilipotea kwa sababu ya uongo wa siku moja.

KABLA YA KUHAMA

Kutokana na hayo, na kutokana na kile tulichojifunza baadaye kwa familia nyingine, tunashauri hatua zifuatazo.

1. Mzee awe ndani ya kikao. Aelezwe sababu bila kuzungushwa, na apewe nafasi ya kukasirika. Akikataa, kikao kiahirishwe. Hata mzee mwenye ugonjwa wa kusahau aelezwe kwa maneno mafupi, na arudiwe kuelezwa kwa upole kila anapouliza.

2. Atembelee kwanza. Kama umbali unaruhusu, mzee aende akaone mahali pale, ale chakula cha mchana, azungumze na wazee waliopo, kisha arudi nyumbani kuamua. Kama ni mbali, aende ndugu mmoja anayemwamini na amletee habari za kweli, pamoja na mabaya.

3. Familia iulize maswali ya msingi. Usiku kuna wahudumu wangapi? Zahanati iko umbali gani? Choo kiko wapi na kina taa? Wanaume na wanawake wanalala wapi? Mzee anaruhusiwa kutoka, kulima bustani, kupokea wageni? Akifariki, utaratibu ni upi?

4. Afya yake iandikwe. Karatasi moja yenye majina ya dawa anazotumia, magonjwa aliyougua, vyakula vinavyomdhuru, na namba za simu za ndugu wawili. Dawa zipelekwe katika makopo yake, zisichanganywe kwenye mfuko mmoja.

5. Maisha yake yaandikwe pia. Mhudumu anayempokea hamjui. Aandikiwe kwamba mzee huyu alikuwa fundi seremala, anaamka kabla ya alfajiri, hapendi kuitwa "babu" na mtu asiyemfahamu, sikio la kushoto halisikii, anapenda ugali wa muhogo na kisamvu. Mistari kumi inatosha, na itamsaidia mhudumu kuliko barua ndefu ya utambulisho.

SIKU YA SAFARI

Safari ianze asubuhi ili mzee afike kungali mchana, aone mlango, kitanda na njia ya chooni kabla ya giza. Asisindikizwe na kundi kubwa linaloondoka kwa pamoja na kumwacha katika ukimya. Watu wawili wanatosha, na mmoja wao, ikiwezekana, alale jirani usiku wa kwanza na aonekane tena asubuhi.

Aende na vitu vyake. Wengi wetu huona aibu tukamnunulia mzee kila kitu kipya. Lakini blanketi jipya halina harufu ya nyumbani. Mjomba alipokuwa getini alikuwa akiulizia bakora yake na redio yake ya betri, ambavyo tulikuwa tumeviacha kwa sababu "anakwenda kupima macho tu". Mkeka, kikombe, picha ya marehemu mkewe, kanga ya mama, kitabu cha dini: hivi ndivyo vinavyomfanya mtu aseme kitanda hiki ni changu.

Mnapoaga, agieni kwa kweli. Semeni mtarudi lini, na mrudi siku hiyo. Msitoroke akiwa amelala.

WIKI ZA MWANZO

Majuma ya kwanza ndiyo magumu. Mzee aliyelala chumba kimoja kwa miaka 40 huamka usiku na kuelekea ulikokuwa mlango wa zamani, na hapo ndipo huanguka. Anaweza kukosa usingizi, kukataa chakula, kulaumu, au kusema kila siku kwamba kesho anaondoka. Hizi si dalili za ukorofi. Amepoteza nyumba, majirani, shamba na madaraka kwa siku moja, na anaomboleza.

Yapo hata hivyo mabadiliko ambayo si ya kusubiri. Mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, akawaona watu wasiokuwepo au akawa mlegevu na kusinzia kutwa, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Mara nyingi huwa ni malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini au dawa iliyozidi. Tusiseme "ni uzee", na tusiseme amerogwa. Ugonjwa wa kusahau wenyewe huja polepole, kwa miezi na miaka.

Ushauri wa kutomtembelea "ili azoee" haukutusaidia. Tulianza kupiga simu kila Jumapili jioni saa ileile, na ndugu mmoja kwenda kila baada ya majuma sita. Alipojua siku, aliacha kukaa getini siku nyingine. Tulipochelewa mara moja kwa sababu ya mvua, tulipiga simu kusema tumechelewa. Neno letu lilianza kupata thamani tena hapo.

Jambo jingine ni namna ya kupeleka zawadi. Mzee mmoja akiletewa kifurushi mbele ya wenzake 30 wasiotembelewa na mtu, atakula kwa kujificha au atasemwa. Sisi tulijifunza kupeleka kitu cha wote, kama mfuko wa mbaazi au sabuni, na kwake yeye kitu kidogo. Siku tuliyompelekea ming'oko, aliwagawia wenzake mwenyewe, akiwaeleza jinsi inavyochimbwa porini. Msimamizi alisema ni mara ya kwanza kumsikia akicheka.

MALI YA MZEE: MIKOROSHO NA NYUMBA

Ndugu wasomaji, hapa ndipo familia nyingi huvunjika. Mzee wa kwetu anapohama, hofu yake ya kwanza ni mikorosho yake, kabla hata ya chakula. Atafikiri kwamba amehamishwa ili watu wavune. Na wakati mwingine hafikirii vibaya.

Tunashauri kwamba kabla ya safari iandikwe orodha ya mali mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji: shamba lina mikorosho mingapi, mipaka yake na nani, nyumba, mifugo. Iandikwe kwamba kuhama kwa mzee si urithi, na mali inabaki yake. Achaguliwe msimamizi mmoja, na si lazima awe mkubwa kuliko wote. Awe mtu ambaye mzee mwenyewe amemtaja. Huyo ndiye atakayesimamia palizi na kupulizia salfa, na korosho ziuzwe kwa jina la mzee kupitia chama cha msingi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mwaka 2007 mauzo yana kumbukumbu, hivyo hesabu inaweza kuonekana. Tahadhari ichukuliwe dhidi ya wanunuzi wa kangomba, ambao humfuata mzee au ndugu mwenye shida wakati wa njaa na kununua korosho zikiwa bado ni maua.

Fedha zinazopatikana zitumike kwa mahitaji ya mzee, na asomewe hesabu kila baada ya msimu. Mjomba alisomewa hesabu yake mwezi Januari kila mwaka. Mara ya pili alituambia tumelipa palizi ghali mno, na alikuwa na haki.

IMANI YAKE IHESHIMIWE

Wasomaji wa jarida hili ni watu wa usharika, kwa hiyo niseme wazi: mjomba wangu alikuwa Mwislamu, kama zilivyo familia nyingi za Lindi ambamo ndugu wa tumbo moja wana dini mbili. Makazi aliyohamia ni ya Kikristo. Jambo hilo lilimtia hofu zaidi ya tulivyodhani. Aliogopa atapikiwa asichokila, na kwamba akifa atazikwa asivyotaka.

Tulikaa na msimamizi tukazungumza waziwazi. Alipewa sehemu ya kuswali, birika la kutawadhia, na mwezi wa Ramadhani chakula chake kiliwekwa mpaka magharibi. Imamu wa msikiti wa jirani aliombwa kumtembelea. Hakuna kilichogharimu fedha nyingi. Kamati zetu zinapotembelea makazi ziwasalimu wazee wote, na sala ziwe kwa wanaozitaka. Mzee asilazimike kulipa sahani ya wali kwa kuimba wimbo asioujua.

KAMATI NA WAFADHILI WANAWEZA KUFANYA NINI?

Kwa kamati za usharika na mitaa:

- Kuwa na orodha ya wazee wanaoishi peke yao, na mjumbe mmoja kwa kila mzee.
- Kufahamiana na afisa ustawi wa jamii kabla ya dharura kutokea.
- Kusuluhisha ndugu mapema. Mara nyingi kinachoitwa "kukosa mtunzaji" ni ugomvi wa zamani kati ya ndugu wawili.
- Mzee akishahama, jina lake lisifutwe kwenye daftari la usharika. Apelekewe salamu na habari za misiba na harusi. Akiwa na uwezo wa kusafiri, aje nyumbani kwa matembezi.
- Kumlinda mzee anayetuhumiwa uchawi. Baadhi ya wazee wa Kanda ya Ziwa waliishia makazini, Bukumbi ikiwa mfano, kwa kukimbia tuhuma za namna hiyo na si kwa udhaifu wa mwili. Kwetu pia maneno hayo yapo.

Kwa wafadhili wetu, tunawashukuru kwa moyo wa kutaka kujenga. Hata hivyo, jengo jipya si hitaji la kwanza siku zote. Mahitaji tunayokutana nayo ni madogo na yanajirudia: nauli ya ndugu kwenda kutembelea, upasuaji wa macho, miwani, vyuma vya kushikilia chooni, taa za usiku, godoro, na mafunzo kwa wahudumu. Jengo lisilo na wahudumu wa usiku ni ghala la watu. Nauli ya ndugu mmoja mara nane kwa mwaka inaweza kumfanya mzee aendelee kula.

Ombi moja zaidi. Tusipigwe picha na wazee tukiwakabidhi sabuni, mpaka wao wenyewe wamekubali na wameelezwa picha itakwenda wapi.

HITIMISHO

Je, ni dhambi? Nilimjibu yule mjumbe wa Chinongwe kwamba mimi si mchungaji, lakini najua ni wapi sisi tulikosea. Kumpeleka hakukuwa kosa. Mguu wake ulikuwa umeungua na nyumba zetu tatu zilikuwa zimeshindwa. Kosa lilikuwa kumdanganya, na lingekuwa kubwa zaidi kama tungemsahau.

Mjomba aliishi pale miaka mitatu. Hakuwahi kupaita nyumbani. Alisema, "Hapa panakalika." Tulilipokea neno hilo kama lilivyo.

Mwaka wa pili tulimuuliza swali ambalo tulikuwa tukilikwepa: angependa azikwe wapi? Wote tulidhani atasema Chinongwe, na tulikuwa tumeanza kuhesabu gharama ya gari. Alisema azikwe palepale atakapofia, siku hiyohiyo, kwa taratibu za dini yake. "Msinibebe siku nzima kama gunia la korosho," alisema. Tuliandika, akaweka dole gumba, na imamu akawa shahidi.

Alipofariki mwaka 2019 baadhi ya wazee wa ukoo walikasirika na kudai arudishwe. Karatasi ile ilisomwa mbele yao, na maneno yakaisha. Nilifika jioni, baada ya maziko. Wazee wenzake walikuwa wamekaa kwenye benchi la getini, na mmoja wao alinikabidhi bakora na redio.

Tunaziomba kamati zote, kabla ya msimu wa korosho kuanza na watu kutawanyika mashambani, zikamilishe orodha ya wazee wanaoishi peke yao katika kila mtaa na kuiwasilisha ofisi ya miradi. Na kila mjumbe atakayekwenda kuandika jina la mzee, akae naye kwanza na kumuuliza yeye mwenyewe anataka nini.